Nywele zilifaulu mtihani wa moto, mbona zinajisokota?

Mpendwa mshauri,

Mimi ni msusi, na hivi karibuni nimeanza kuwauzia wateja wangu nywele za binadamu za kushonea. Niliagiza bando moja la sampuli kwa muuzaji wa mtandaoni: inchi 20, za mawimbi, lebo imeandikwa "Brazilian 12A Virgin Remy". Zilikuwa laini na zinateleza. Nilizichoma kidogo, zikanuka nywele. Nikaridhika, nikaagiza mabando 30.

Sasa wateja wanarudi mmoja mmoja. Zikishaoshwa mara tatu au nne, nywele zinajisokota kisogoni hadi zinakuwa donge, na kwa wawili zimejisokota kila mahali. Maji ya kwanza yalitoka meusi, na ncha zimeanza kuwa nyekundu. Wengine wanasema zinanyonyoka kila wakichana. Mmoja anadai nimempa feki kwa sababu juu ni nene na chini ni nyembamba. Muuzaji naye anasema wateja wangu hawajui kutunza nywele.

Nimebaki na mabando 14. Je, ni za binadamu kweli? Hiyo Brazilian na 12A maana yake nini? Na nikiagiza tena nifanye nini nisilizwe mara ya pili?

Msusi aliyekwama

Dada msusi,

Nywele ulizonazo ni za binadamu, au sehemu kubwa ni za binadamu. Mtihani wa moto unatenganisha nywele na plastiki, basi. Plastiki huyeyuka, hudondoka na kuacha kishanga kigumu. Nywele hunuka nywele na kubaki jivu linalosagika vidoleni. Ila manyoya ya mbuzi nayo ni keratini, protini ileile inayounda nywele, yatanuka vilevile na kusagika vilevile. Tena nywele mbovu kuliko zote, mradi zimetoka kichwani mwa mtu, zitafaulu mtihani huo. Ulichotakiwa kupima ni magamba, na sampuli ile iliandaliwa ili usiweze kuyapima kwa kushika tu.

Kila unywele umefunikwa na magamba membamba sana, yamepangwa kama vigae vya paa, yote yakielekea nchani kutoka shinani. Mtu akikatwa nywele zikiwa zimefungwa pamoja, na fungu lile likabaki limefungwa hadi kiwandani, mashina yote yanakaa upande mmoja na nywele zinapitana bila kushikana. Hizo ndizo remi, lile neno "Remy" la kwenye lebo yako. Kuna kundi la pili, kubwa sana sokoni: nywele zilizong'oka wakati wa kuchana. Katika nchi kama India, Bangladesh na Myanmar, wachuuzi wadogo hupita nyumba kwa nyumba wakinunua mabonge ya nywele zilizobaki kwenye vitana. Wafanyakazi, wengi wao wanawake, hukaa wakiyafumua kwa mkono na kuzipanga nywele kwa urefu. Ni kazi ngumu yenye ujira mdogo. Katika mabonge hayo shina na ncha zimeshachanganyika. Ukizishona hivyohivyo, unywele ulioelekea chini unakutana na jirani aliyegeuzwa, magamba yanashikana, na kila kichwa kinapogeuka mshiko unazidi kukaza.

Kiwanda kinalijua hilo. Kwa hiyo nywele hizo huzamishwa kwenye asidi hadi magamba yanalika, asidi hupoozwa kwa alkali, kisha hutiwa rangi nyeusi ili nywele za vichwa vingi zifanane, na mwisho hupakwa silikoni. Silikoni ndiyo uliyoishika siku ya sampuli. Inang'aa na kuteleza kuliko nywele yoyote ya asili, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanaponaswa. Kila mwosho unaiondoa kidogo. Ikiisha, unabaki na unywele usio na ngozi ya nje, unaokauka haraka, unaokwaruzana na wenzake na kukatika. Mwosho wa tatu au wa nne ndio wakati wake hasa, na wateja wako wamekuthibitishia.

Malalamiko yao hata hivyo yana sababu tofauti, na ukiyaweka kapu moja utamlaumu muuzaji kwa makosa ya sindano, au ujilaumu kwa makosa ya kiwanda.

Kujisokota kisogoni peke yake hakutoshi kumhukumu muuzaji. Pale kuna jasho, kuna kola ya nguo, na kuna mteja anayelala nywele zikiwa mbichi. Hata remi nzuri itafungamana pale isipochanwa na kukaushwa. Wale wawili ambao zimejisokota kila mahali ndio ushahidi wako. Ukitaka kumaliza ubishi na muuzaji, chukua bando moja kati ya yale 14, ambalo halijavaliwa na mtu, ulioshe kwa namna nitakayokueleza hapo chini. Likijisokota likiwa limetundikwa kwenye kamba, suala la mteja kutojua kutunza limekufa.

Maji meusi yanathibitisha rangi. Rangi yenyewe haiharibu nywele sana, ila lebo inayosema "Virgin", yaani hazijaguswa na kemikali, imeshakudanganya. Nywele ambazo hazijatiwa kitu hazifanani weusi: bando hili lina ukahawia kidogo, lile ni jeusi zaidi, na mara nyingine unakuta mvi moja mbili. Mabando 30 yenye weusi uleule ni mabando yaliyotiwa rangi. Wekundu wa ncha nao unatokana na rangi hiyo kuchujuka pale ambapo unywele umechakaa zaidi.

Kunyonyoka ni habari ya mshono. Wefti, ule mstari wa uzi unaoshika nywele juu, ukiwa na mshono hafifu, nywele zinachomoka hata kama ni za daraja la juu kabisa. Lakini jichunguze na wewe. Ukipitisha sindano katikati ya wefti unakata uzi wa kiwandani. Ukikata wefti ili upate kipande, umefungua mshono pande zote mbili. Zungusha uzi kuizunguka wefti badala ya kuitoboa, kunja wefti ukifika pembeni badala ya kuikata, na pale unapolazimika kukata, pakaa gundi ya kuzibia mshono na uiache ikauke kabla ya kushona. Tazama pia zile nywele fupi zilizorudi nyuma juu ya mshono wa wefti. Hizo huchomoka wiki za kwanza kisha hutulia. Zikiendelea kutoka kwa wingi mwezi wa pili, mshono ni mbovu.

Na yule anayelalamikia ncha nyembamba, mweleze taratibu kwamba amechukua dalili njema akaiona mbaya. Kichwani mwa mtu nywele hazilingani urefu, hivyo fungu lililokatwa kwa mtu mmoja huwa nene juu na jembamba chini. Ili bando liwe nene hadi mwisho, mtu amekaa akachomoa zile fupi na kujaza ndefu kutoka vichwa vingine. Lebo huziita "double drawn", na bei yake inastahili kuwa juu kwa sababu nywele nyingi zinaondolewa. Muuzaji akikuambia bando ni nene hadi nchani na pia limetoka kichwa kimoja, kauli moja kati ya hizo si kweli.

Kuhusu lebo sitakaa sana. Brazilian, Peruvian na Malaysian yamebaki kuwa majina ya mitindo ya mawimbi na uzito. Nywele nyingi zinazouzwa kwa majina hayo zilikusanywa bara Asia na kushonwa viwandani China, hasa maeneo ya Xuchang na Qingdao. 12A haina chombo chochote kinachoisimamia. Kila muuzaji hujipimia mwenyewe, ndiyo maana daraja zinapanda kila msimu bila nywele kubadilika. Na ukiona rangi ya dhahabu namba 613 iliyoandikwa kwamba haijaguswa na kemikali, pita. Nywele nyeusi haiwi dhahabu bila blichi.

Asili halisi inaweza kuulizwa, na muuzaji mkweli ana cha kujibu. India, kwa mfano, mahujaji hunyoa vichwa kutimiza nadhiri katika hekalu la Tirumala, jimbo la Andhra Pradesh. Nywele huchambuliwa kwa urefu na hekalu huziuza kwa mnada. Aliyenyolewa halipwi kitu, kwa kuwa ametoa sadaka. Kwingine wanawake huuza nywele zao moja kwa moja kwa wanunuzi. Mwaka 2022 India ilianza kudai kibali kwa anayesafirisha nywele ghafi kwenda nje, na masharti hayo yamebadilishwa tangu hapo, kwa hiyo anayedai anazo nywele ghafi za huko muulize karatasi za usafirishaji. Na kuna upande unaoumiza zaidi: Julai 2020 forodha ya Marekani ilizuia shehena ya takriban tani 13 za bidhaa za nywele kutoka Xinjiang, China, kwa tuhuma za kazi ya kulazimishwa. Kwa hiyo swali la nywele zimetoka kwa nani na zimeshonwa wapi uliulize kila mara, hata kama muuzaji ataona unamsumbua. Anayejibu "Brazil" na kuishia hapo hajakujibu.

Kuna hesabu moja itakayokusaidia kupima majibu. Nywele hukua kama sentimita 1.25 kwa mwezi, sawa na 15 kwa mwaka. Inchi 20 ni sentimita 51, yaani zaidi ya miaka mitatu ya kukua bila kukatwa. Inchi 30 ni miaka mitano, na wachache ndio wenye nywele za kufika huko zikiwa na afya. Kwa hiyo muuzaji mwenye inchi 30 za remi za kichwa kimoja, kwa mamia, zote zinafanana, bei ya chini, anakuuzia kitu kingine.

Sasa upimaji. Anza kwa mizani na futi kabla ya maji. Bando kwa kawaida huuzwa kuwa gramu 100. Lipime likiwa kavu, uandike. Urefu pima kuanzia chini ya wefti hadi ncha ndefu, ukiunyoosha unywele uliojikunja, maana nywele za mawimbi huhesabiwa zikiwa zimenyooshwa. Choma nywele mbili tatu kutoka sehemu tano tofauti za wefti, mbali na bando, juu ya sahani ya chuma, kwa sababu wanaochanganya plastiki huificha katikati.

Kisha osha, na hapa usiwe na huruma. Tumia maji ya uvuguvugu na shampuu yenye salfeti isiyo na silikoni. Soma viambato nyuma ya chupa: majina yanayoishia na herufi "cone" ni jamii ya silikoni, chupa hiyo iache. Lowesha bando, pakaa shampuu ukishuka kutoka wefti kwenda nchani, liache dakika tano, suuza. Usitie kondishna wala mafuta, kwa sababu kondishna nyingi zitarudisha ileile silikoni unayoitoa. Litundike kivulini hadi likauke kabisa. Rudia mpaka utimize mara tatu, ukavu kamili katikati ya kila mwosho. Halafu chana kwa kitana chenye meno mapana ukianzia nchani. Remi nzuri baada ya hapo itakuwa imepoteza mng'ao na kukauka kidogo, lakini kitana kinapita. Zilizoliwa na asidi zitakuwa ngumu, zimeshikana, ncha zinakatikia mkononi. Pima uzito tena. Upungufu unaoonekana wazi ni silikoni na nywele zilizochomoka, na ndiyo gramu ulizolipia bure.

Zikishakuwa safi na kavu, fanya mtihani wa vidole. Huu hauna gharama na sijui kwa nini wasusi wachache wanautumia. Kata nywele kumi kutoka sehemu mbalimbali karibu na wefti, na kila mmoja ufunge fundo dogo upande wa wefti ili usisahau shina liko wapi. Shika unywele mmoja kati ya kidole gumba na cha shahada, mikono iwe mikavu. Sugua gumba mbele na nyuma kufuata urefu wa unywele, kwa mwendo mfupi mfupi. Unywele wenye magamba utaanza kutembea wenyewe, na utatangulia shina, kwa sababu magamba yanauruhusu kuteleza upande huo na kuuzuia upande wa pili. Nywele zote kumi zikitangulia upande wa fundo, una remi. Baadhi zikitangulia upande wa ncha, zimechanganywa. Zisipotembea kokote, zikabaki zinacheza palepale, magamba hayapo. Usiufanye mtihani huu kwenye bando jipya ambalo halijaoshwa: silikoni itakudanganya.

Kama wateja wako hupenda kubadili rangi, ongeza jaribio la blichi kwenye kishungi kidogo, ukitumia peroksaidi ya asilimia 6 na kukagua kila dakika tano, usizidishe thelathini. Nywele ambazo hazijatiwa rangi hupanda kwa mpangilio, kahawia kisha chungwa. Zilizotiwa rangi hupanda mabaka, na zilizoliwa na asidi hulegea na kunata zikiwa mbichi.

Kosa la oda yako lilikuwa kwenye idadi. Sampuli huchaguliwa kutoka lundo zuri. Mzigo hutoka popote. Kwa hiyo sampuli moja haikuambii chochote kuhusu mabando 30. Agiza matatu kwanza, yapime yote. Ukiridhika agiza kumi, na yakifika vuta mawili kutoka katikati ya boksi, si ya juu, uyaoshe kabla hujamuuzia mtu. Fungua boksi ukirekodi video bila kukatisha, mizani ikiwa mezani. Kata kishungi cha gramu chache kutoka kwenye bando la sampuli lililofaulu, kifunge kwenye mfuko wenye tarehe, kiwe kipimo cha kila mzigo unaofuata.

Na muuzaji aandike kabla hujalipa: uzito wa bando na upungufu anaouruhusu, urefu, aina ya mshono wa wefti, kwamba nywele hazijapitishwa kwenye asidi, na kwamba bando lililooshwa kwa ajili ya kupimwa linaweza kurudishwa likifeli pamoja na mzigo uliobaki. Sharti hilo la mwisho ndilo litakalokuonyesha unashughulika na nani. Wengi husema hawapokei nywele zilizooshwa. Kwa bando lililovaliwa wana haki. Kwa bando la kupimia, anayekataa anajua maji yatafichua nini. Lipa sehemu mwanzo, na iliyobaki baada ya kupima, hata kama bei itapanda kidogo kwa utaratibu huo.

Yale 14, usiyauze tena kwa jina la remi. Osha moja kama nilivyoeleza, piga picha kila hatua, mtumie muuzaji pamoja na video ya vidole, udai fedha zako. Asipokubali, yatengeneze mawigi ya muda mfupi, mwambie mteja wazi kwamba ni nywele zilizoondolewa magamba na zitadumu wiki kadhaa, bei ishuke kulingana na hilo. Yanaweza kutumika kwa kondishna yenye silikoni kila mwosho, pasi isiyozidi nyuzi 150, na kitana kuanzia nchani. Nywele hizo hazistahimili joto la juu wala blichi, usiruhusu mtu azijaribu.

Wale wawili ambao nywele zimeharibika kote, warudishie fedha za nywele. Aliye na donge la kisogoni, usikimbilie mkasi: tia kondishna nyingi kwenye donge likiwa kavu, liache nusu saa, lifumue kwa vidole kuanzia chini ukilishika juu ili lisivute wefti wala nywele zake zilizosukwa chini yake. Likikubali kufumuka na sehemu nyingine zinachanika vizuri, bado ana wiki chache za kulivaa.